Safari ya Hell's Gate: Mtakubali Kurudishwa?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Swala ya Alasiri, katika matayarisho ya safari ya Idd. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)



Ndugu zangu, dada zangu, wazazi wetu mlioketi huko nyuma, na wewe ndugu msomaji utakayeyapata maneno haya kwenye karatasi. Nimepewa dakika ishirini nizungumzie safari ya Idd. Katibu aliniambia, "Wewe waeleze tu wataona nini na wabebe nini." Haya, nitawaeleza. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka 2011, na sitashuka hapa bila kulisema. Huenda baadhi yenu mkishalisikia mkaondoa majina kwenye orodha. Ondoeni leo, ni afadhali kuliko kuja kubishana kule.

Tunakwenda Naivasha, kwenye mbuga ya Hell's Gate. Najua jina limewatia wasiwasi wazazi. Mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Mwanangu, katika ardhi yote hii mmeona muwapeleke watoto Mlango wa Jahanamu, tena siku za Idd?" Mzee, hilo ni jina tu. Mwaka 1883 walipita huko wasafiri wawili wa Kizungu, Gustav Fischer kutoka Ujerumani na Joseph Thomson kutoka Uskoti. Waliona pengo jembamba kati ya majabali, na jina likatokana na hapo. Korongo lenyewe Wamaasai wanaliita Ol Njorowa. Mbuga ilitangazwa rasmi mwaka 1984, ni ndogo, kilomita za mraba 68 na kidogo, na kutoka hapa Nairobi ni kama kilomita 90. Unakwenda asubuhi na Isha inakukuta nyumbani.

Kwa nini huko na si mahali pengine? Kwa sababu ni moja katika mbuga chache za Kenya ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Utapita karibu na punda milia, twiga, ngiri, swara na pofu, na wewe uko juu ya baiskeli ya kukodi yenye kiti kigumu kama jiwe. (Vaa suruali nzito. Hilo liandike.) Nyati wako, hao msiwachezee. Na nyani wa pale wamezoea watu, mfuko wa chakula ukiuacha wazi sekunde mbili umekwisha.

Lakini wanyama mtawaona popote. Kilichonifanya mimi niipende safari hii ni ardhi yenyewe.

Hebu tuanze njiani. Tutapita barabara ya chini, ya Mai Mahiu. Ukianza kuteremka ule ukingo wa Bonde la Ufa, weka simu chini utazame mbele. Utaona mlima uliokatwa kichwa umesimama peke yake kwenye uwanda. Huo ni Longonot, mita 2,776, na ni volkano. Inakisiwa mara ya mwisho ilitoa moto katika miaka ya 1860, yaani zama za babu wa babu zetu. Na hiyo Mai Mahiu unayoipita, jina lake kwa Kikuyu ni maji ya moto. Wenyeji walijua zamani sana kwamba chini ya miguu yao kuna jiko.

Jiko hilo ni nini? Bonde la Ufa, kama jina linavyosema, ni ufa. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na upande mwingine polepole, milimita chache tu kwa mwaka. Ardhi ikivutwa hivyo inakuwa nyembamba, kama chapati ukiivuta kwa pande mbili, na mwamba ulioyeyuka huko chini unapata nafasi ya kupanda karibu. Pengine umepasuka ukatoka, ndiyo Longonot, ndiyo Menengai ya Nakuru. Pengine umebaki chini, haukutoka, lakini unachemsha kila kitu kilicho juu yake. Mvua inayonyesha kwenye milima ya kando inazama ndani ya nyufa, inateremka chini sana, inakutana na joto, inarudi juu. Ndizo hizo chemchemi za maji moto.

Mkifika lango la Elsa (jina limetokana na yule simba wa Joy Adamson, aliyekuwa na nyumba hapo ziwani) mtachukua baiskeli, na mbele kidogo mtaona mnara wa jiwe kama mita 25 hivi. Unaitwa Fischer's Tower. Ule haukujengwa. Ni zaha iliyogandia ndani ya koo la volkano. Majivu na mawe laini yaliyouzunguka yamekwisha kuliwa na mvua na upepo kwa maelfu ya miaka, ukabaki mfupa. Pimbi wamejaa pale, wanene, wanaota jua. Wamaasai wana kisa chao: binti alikuwa akipelekwa kuolewa, akaambiwa asigeuke kutazama nyumbani kwao, akageuka, akawa jiwe. Kisa hiki kishikeni, nitakirudia.

Chini njiani mtaokota vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Hicho ni kioo cha volkano, zaha iliyopoa haraka mno. Watu wa kale walikitumia kutengenezea visu na vichwa vya mishale. Kitazame, kishike, ukirudishe chini. Ni mbuga ya taifa, si duka.

Sasa Olkaria. Hapa ndipo wale wanafunzi wa fizikia mtafurahi. Nyuma ya majabali mtasikia mngurumo kama ndege iko karibu kuruka, na mtaona mawingu meupe yanapanda kutoka ardhini na mabomba ya kung'aa yanapanda na kushuka vilima kama nyoka. Huo ni mvuke. Mwaka 1956 walianza kuchimba visima viwili pale, mvuke wa maana haukupatikana, wakaacha. Baadaye wakarudi, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa megawati 15. Kufikia 1985 zilikuwa 45. Leo Kenya inapata zaidi ya megawati 900 kutokana na joto la ardhini, sehemu kubwa ya umeme wote tunaotumia. Pengine hata hii kipaza sauti ninayoongelea sasa inaendeshwa na maji yaliyochemka Olkaria.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kisima kinateremka mpaka kilomita mbili, tatu. Huko joto linapita nyuzi 300, lakini maji hayawi mvuke kwa sababu yamebanwa na uzito ulio juu yake. Ni kama sufuria ya presha jikoni: ndani mna moto mkali, kifuniko kimeshikilia. Kisima ni kama kufungua kile kidude cha juu. Maji yakipanda, mgandamizo unapungua, sehemu yake inalipuka kuwa mvuke. Mvuke unatenganishwa na maji, unapelekwa kuzungusha mashine, na maji mengi yanarudishwa chini ardhini kwa visima vingine ili hazina isikauke. Kizuri zaidi ni kwamba hautegemei mvua. Wazazi hapa watakumbuka mwaka 2000, ukame ulipokausha mabwawa, umeme ukawa wa mgao. Mvuke hauna habari na ukame.

Si kila kitu ni sifa, na vijana msikie pande zote. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria ya nne, na malalamiko yao yakafika mpaka Benki ya Dunia. Ukiwasha taa, mjue kuna mtu alihama.

Upande wa pili wa ziwa, kule Eburru, watu hawana mto. Wanatega mvuke unaotoka ardhini kwenye mabomba, unapoa, unadondoka maji, wanakunywa. Siku nikiwa na safari ya siku mbili nitawapeleka. Safari hii hatutafika.

Halafu kuna yale mabwawa ya Olkaria ya kuogelea, rangi yake buluu ya maziwa. Yale ni maji yaliyotoka visimani pamoja na mvuke, yakapozwa. Ubuluu unatokana na madini yaliyomo, na harufu ya yai bovu ni ya salfa. Wavueni watoto pete na bangili za fedha kabla hawajaingia, zitageuka nyeusi. Dada zetu wameniuliza: ndiyo, bwawa ni la watu wote, wanaume na wanawake. Kamati inaulizia kama kuna saa inayoweza kutengwa. Isipowezekana, kuna ukingo wa kukaa, miguu majini, chai mkononi. Mimi mwenyewe hufanya hivyo hivyo, umri umekwenda.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Novemba mwaka 2011, wiki moja baada ya Idd ya kuchinja, niliongoza safari kama hii. Tulikuwa arobaini na tatu. Wengi wa vijana wale leo ni baba na mama wa watoto, wengine wamo humu. Kilichowaleta wote kilikuwa kitu kimoja: korongo. Lile la Ol Njorowa. Filamu ya Tomb Raider iliyotoka mwaka 2003 ilipigwa picha kwenye mbuga ile, na kila mmoja alitaka picha yake akiwa amesimama chini kati ya zile kuta.

Na kweli, korongo lile halina mfano. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko sasa, likafurika kwa upande huu, na maji yake yakachimba mawe laini ya majivu mpaka yakatengeneza njia nyembamba, ya kina, yenye kona kona. Kuta zinapanda mita nyingi juu yako. Mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Maji ya moto yanachuruzika kutoka ukutani, ukitia kidole unaruka, na mwamba umepakwa kijani na rangi ya machungwa. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kama nyuzi 93 tu, si 100 kama Mombasa, lakini kidole chako hakitajua tofauti.

Tulichukua mwelekezi langoni. Kijana wa Kimaasai, mpole, amevaa shuka na viatu vya tairi, Kiswahili chake cha kukata kata. Bei tulikubaliana shilingi 1,500. Tuliendesha baiskeli kama kilomita 8, mbili zikatoboka, tukafika kituo cha askari wa wanyamapori saa sita na nusu. Jua linawaka. Vijana wakavua makoti, wakafunga kamba za viatu.

Mwelekezi akasimama ukingoni. Hakutazama korongo. Alitazama kwa mbali, juu ya vilima, palikuwa na wingu moja jeusi limekaa. Akatazama kitambo. Kisha akasema, "Leo hatuingii."

Mnaweza kufikiria kelele. "Wewe, mvua iko wapi?" "Tumelipa!" "Tumetoka Nairobi alfajiri!" Mmoja akasema wazi, tena mbele yake, kwamba huyu amechoka, anataka kulipwa bila kazi. Mwingine, hodari wa maneno, akasema, "Si wewe mwenyewe umetwambia anayegeuka nyuma anakuwa jiwe?" Watu wakaangua kicheko. Mwelekezi naye akatabasamu kidogo, lakini hakusogea. Akasema hivi, nayakumbuka maneno yake: "Mvua hainyeshi hapa. Inanyesha kule. Maji ndiyo inakuja hapa."

Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa msafara. Ningepaswa kusimama naye. Sikusimama. Nilimvuta pembeni nikamwomba, tushuke dakika ishirini tu, tupige picha, tupande. Akakataa. Nikamwongezea shilingi mia mbili. Akakataa. Basi tukakaa pale juu, tumenuna, tukaswali Adhuhuri kwenye kivuli, tukala wali wetu uliopoa. Tukangoja saa nzima na zaidi tukichungulia chini. Na maji hayakuja. Wingu likapasuka, mbingu ikawa safi kabisa. Hapo ndipo hasira zilipozidi. Saa ikawa imekwenda, hapakuwa na nafasi ya kushuka tena.

Jioni langoni, kamati ndogo ikakaa: mwelekezi hakumaliza kazi, apewe elfu moja. Nami ndiye niliyezihesabu hizo pesa nikampa. Alizitazama, akazikunja, akasema, "Haya, safari njema." Hakudai.

Nilirudi nyumbani nikalala vizuri.

Tarehe 22 Aprili mwaka 2012, Jumapili, kikundi cha vijana wa kanisa kilikwenda safari ya siku moja mahali pale pale. Vijana kama nyinyi, wana viongozi wao kama mimi, wamechanga pesa zao, wamebeba vyakula vyao. Waliteremka korongoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu. Maji yakaja. Saba walikufa.

Nilisikia kwenye redio nikiwa jikoni. Nilikaa chini. Nikaanza kuwahesabu wale arobaini na tatu wangu, mmoja mmoja, kwa majina.

Naomba mwelewe maji yale yanavyokuja, kwa sababu kila mtu hudhani atayaona, atakimbia. Vilima vya juu vina udongo wa majivu na mwamba mtupu. Mvua kubwa ikipiga hapo haizami yote, inateremka. Vijito vyote vinaelekea kwenye mdomo mmoja, na mdomo wenyewe upana wake ni mikono miwili. Maji yaliyokuwa ya kifundo cha mguu kule kwenye uwanda yanakuwa ya kichwa ndani ya korongo, na yanakuja na matope, mawe na magogo. Huoni kwa sababu ya kona. Husikii mpaka yamekaribia. Na juu yako mbingu inaweza kuwa buluu kama siku ile yetu. Wewe unatazama juu unaona jua, unafurahi.

Na msidhani ni masika peke yake. Tarehe 1 Septemba 2019, mwezi ambao hakuna anayeuita wa mvua, maji yalikuja tena. Wageni sita wakafa, na wa saba alikuwa mwelekezi wao. Baada ya hapo korongo lilifungwa. Kwa hiyo yeyote anayekwenda, swali la kwanza langoni ni hili: leo korongo limefunguliwa? Na ukiambiwa hapana, usimtafute mtu wa kukupitisha njia ya nyuma. Watu wa namna hiyo hawakosekani.

Nasema haya hali tukijua kwamba barabara yenyewe tutakayopita ina kaburi lake. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, hapo hapo karibu na Mai Mahiu, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua, yakapita juu ya kijiji watu wamelala. Zaidi ya arobaini walikufa. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa vitandani mwao.

Mwaka 2014 nilirudi Naivasha kwa shughuli nyingine. Nikapita langoni kumtafuta yule kijana. Nilimpata, amenenepa kidogo, ana pikipiki. Nikajitambulisha, nikamwelezea siku ile, wingu, kelele, zile shilingi mia tano. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba ndefu ya kuomba radhi, nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye matatu.

Hakunikumbuka.

Aliniuliza, "Mwaka gani?" Nikamwambia. Akafikiri, akatikisa kichwa. Akasema, "Watu wengi hunikata. Nikiwarudisha, wananikata." Alisema kama mtu anayezungumzia bei ya sukari. Nilimpa elfu mbili, akapokea, akashukuru. Kisha akaniambia, "Sasa ukileta wengine, uwaambie mbele ya kupanda basi. Wakifika hapa hawasikii."

Basi ndugu zangu, ndiyo nawaambia. Basi halijaja bado.

Fikirieni mambo yalivyopangika. Mwelekezi analipwa akikushusha. Akikurudisha, unamkata. Maana yake sisi wenyewe, kwa shilingi zetu mia tano, tunamfundisha atushushe. Siku ile alikuwa na ujasiri wa kupoteza pesa yake kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua, na nadhani alikuwa na watoto wake wa kulisha jioni ile. Si kila mwelekezi ataweza kila siku. Nimelifikiria hili miaka mingi, na naona kosa langu la kwanza halikuwa kumkata. Kosa lilikuwa kule kuwaahidi vijana korongo. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi ya tangazo kwa herufi kubwa. Ukishamwahidi mtu kitu na amelipa, kumrudisha kunakuwa kama kumwibia.

Kwa hiyo nimeiomba kamati mambo mawili, na nashukuru imekubali, ingawa si bila maneno.

Mwaka huu Idd inaangukia Machi, mlangoni mwa mvua kubwa. Korongo halimo kwenye safari. Nimeliondoa. Hata tukifika na lango likasema limefunguliwa, hata jua likiwaka la utosi, hatushuki. Tutasimama juu, tutalitazama, mtapiga picha zenu kutoka ukingoni, mita kadhaa nyuma ya ukingo tafadhali. Wanaolitaka sana, nitaandaa safari nyingine wakati wa kiangazi, ya watu wachache, watu wazima, na hata hiyo itategemea lango na mwelekezi. Najua kuna kijana hapa mbele amekunja uso. Nimekuona. Hata mimi ningekunja.

La pili, mwelekezi ndiye mwenye neno la mwisho, si mimi, si katibu, si mzazi aliyelipia watoto wanne. Akisema tusiendeshe baiskeli kupita kundi la nyati, tunasimama. Akisema radi inakaribia, turudi garini, tunarudi, hata kama tumebakisha nusu kilomita kufika Olkaria. Na hakuna mtu wa kumwongezea hela pembeni ili abadilishe mawazo. Nalisema hilo kwa sababu nalijua kwa mkono wangu. Asiyekubali, jina lake liko kwa katibu, aliondoe leo, na pesa yake atarudishiwa yote.

Vitu vya kubeba: maji lita mbili kila mtu, kofia, koti la mvua, viatu vya kufunga si ndala, nguo ya kubadilisha, msala, na taulo kwa wanaoingia bwawani. Chakula tutapika usiku na kubeba. Mayai ya kuchemsha yatachemshiwa nyumbani, sitaki kumwona mtu anachovya yai kwenye maji ya chemchemi, ngozi ya mkono haioti tena haraka. Na nisiendelee na habari za mayai, saa hizi za kabla ya futari si adabu.

Watoto chini ya miaka kumi hawaendeshi baiskeli, watakuwa kwenye basi na mama zao, na basi linapita barabara ile ile, kwa hiyo hawakosi kitu. Wagonjwa wa pumu waniambie mapema, mvuke wa salfa unabana kifua. Mwenye presha asikae bwawani muda mrefu.

Basi litaondoka hapa msikitini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya tatu baada ya Idd. Pesa ya mwelekezi imekwisha tengwa kwenye bahasha yake, iko kwa mweka hazina, imefungwa. Atapewa asubuhi langoni, yote, kabla hatujapanda baiskeli.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.